Tumepigwa tano, mwanangu kavua jezi

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia saa nane usiku sina hata lepe la usingizi. Leo siku ya tatu tangu tupigwe tano bila na bado nikifumba macho naona mipira inavyoingia, moja moja, mpaka ile ya tano ambayo kipa wetu hata hakuruka, kasimama tu akaisindikiza kwa macho kama mtu aliyeachwa na basi. Mimi sio shabiki wa juzi Mjomba, timu hii nimeanza nayo nikiwa darasa la tatu, tumeshuka daraja tukapanda tena na sikutikisika, nimetaniwa mpaka nikazoea, ila hiki cha safari hii kimenimaliza.

Ngoja nikupe mechi ilivyokuwa usije ukadhani nalialia bure. Tuko uwanja wa nyumbani. Wenzetu wana majeruhi wanne, wametoka kufungwa mechi mbili mfululizo, mpaka wachambuzi kwenye tv wanasema leo hawa hawatoki. Dakika ya 9 kona, beki wetu wa kati badala ya kumwangalia mtu wake anamwangalia anayepiga kona, moja. Dakika ya 21 beki wetu namba mbili anarudisha mpira kwa kipa bila kuinua kichwa, kipa hayuko pale, mpira unajiendea taratiiibu mpaka nyavuni, tumejifunga, mbili. Dakika ya 34 kiungo mkabaji ambaye ana njano tayari anamvuta mtu jezi katikati ya uwanja, pasipo na hatari yoyote, njano ya pili, huyo nje. Sasa tuko pungufu na tuko nyuma mbili, mtu yeyote mwenye akili si anashusha mabeki anaziba kati anasubiri mapumziko? Kocha wetu kasimama pale anawapungia mabeki WAPANDE. Mabeki wazito wale, wakigeuka kukimbia kama wamebebeshwa friji! Mpira mmoja mrefu nyuma yao, tatu, mapumziko. Sub ya kwanza kaifanya dakika ya 71, tumeshakula ya nne.

Hiyo ya nne ndo imeniletea balaa nyumbani. Naangalia na mwanangu wa miaka saba, kavaa jezi niliyomnunulia kubwa makusudi ili imkae miaka, mikono inamfika viganjani. Jamaa wa kule akamwona kipa wetu katoka, akauchop mpira kutoka mbali, ukapita juu ya kipa ukashuka wenyewe golini. Dogo akapiga makofi. Akasema "baba umeona hiyo!" Mjomba sijui nini kilinipata. Nilimfokea sauti ambayo sijawahi kumfokea, nikamwambia atoke mbele yangu, na rimoti nikaibamiza ukutani ikasambaratika. Hakulia. Alivua jezi akaikunja vizuriii akaiweka kwenye kiti akaenda kulala, na ilikuwa bado mchana.

Baada ya hapo nikaingia kwenye akaunti ya yule beki aliyejifunga nikamwandikia maneno ambayo hapa siwezi kuyarudia. Kwenye grupu letu rafiki yangu, mtani wangu wa miaka kumi na tano, akaanza kutuma stika za vidole vitano, nikamtukania mpaka mama yake, nikatoka kwenye grupu, nikamblock. Na mkeka wa kubeti nao ukachanika hapo hapo, zilikuwa timu tano, nne zikatiki imebaki yetu tu, ila hilo ni langu nitalimaliza mwenyewe, ada hata hivyo inatakiwa wiki ijayo kwahiyo kuna muda.

Sasa mama watoto ananiambia jana asubuhi dogo kamuuliza, "mama nishabikie timu gani ili baba asikasirike?" Tangu nisikie hilo nimeamua niachane na hii timu, au nihamie nyingine au niache mpira kabisa, maana naona itanivunjia nyumba. Kila nikifungua simu ni vidole vitano, kazini naingia kwa mlango wa nyuma. Naachaje timu Mjomba? Kuna mtu amewahi kufanikiwa?

Shabiki niliyechoka

NB: Kocha afukuzwe au asifukuzwe? Nataka tu na mawazo yako.


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Pole. Na pole yangu sio ya kejeli, maana watu wasioshabikia chochote wana tabia ya kuwaambia wenzao "si mpira tu huo," kama vile mtu hajui ni mpira. Anajua. Ndio maana inauma, ungekuwa msiba watu wangekuja kukaa nae, ila huu ni mpira kwahiyo unaumia huku unachekwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma mechi (na nitarudi kwa huyo kocha, usijali), mara ya pili nikamsoma mtoto. Mara ya tatu nikasoma namna unavyoandika, na hapo ndo nikasimama.

Angalia. Umeandika tumepigwa tano. Tuko pungufu. Tumejifunga! Yani yule beki ndo karudisha mpira bila kuangalia, umemtukana hadi kwenye akaunti yake, lakini ulivyokuja kwangu umeandika "tumejifunga", umejiweka na wewe ndani ya lile kosa. Kuna jamaa Mmarekani anaitwa Robert Cialdini, mwaka 1976 yeye na wenzake walitoa utafiti, waliwapigia simu wanafunzi wa chuo wakawauliza mechi ya timu ya chuo chao iliishaje. Ikiwa ni mechi waliyoshinda, wanafunzi walielekea zaidi kusema "tulishinda". Ikiwa walifungwa, ghafla timu inakuwa ya watu wengine, "walifungwa". Ni tabia ya binadamu, ushindi ni wetu kipigo ni chao. Sasa wewe siku ya tatu, huna usingizi, umeapa unaondoka, na bado unasema "tu". Mtu anayeondoka hazungumzi hivyo mpwa wangu. Kwahiyo swali lako la naachaje timu nalijibu kwa kifupi: huachi. Unaweza kukaa miezi miwili hujaangalia, siku moja utapita mahali usikie wamefunga dakika ya tisini, utashtukia umeruka. Usinipotezee muda wangu na hilo.

Ila sentensi moja umeiandika tofauti na zote. "Mkeka ukachanika." Ukachanika wenyewe? Timu ikifungwa na watu kumi na moja usiowahi kula nao sahani moja, ni sisi. Hela uliyoitoa wewe, kwa kidole chako, kwenye simu yako, hiyo imejichana. Na umeichomeka katikati, baada ya stika kabla ya mama watoto, ukaifunika na "nitalimaliza mwenyewe", kisha bila kujua ukataja ada kwenye sentensi ile ile. Sijakuuliza ada ya nani maana sote tunajua. Ya yule aliyekunja jezi.

Kwahiyo mimi naomba niamini kwamba pale lile goli zuri lilipoingia, nyie wawili mlikuwa mnaangalia mechi mbili tofauti. Dogo aliangalia mpira. Ameona mtu kapiga kitu kizuri akapiga makofi, ndivyo mpira unavyotakiwa kuangaliwa na sisi wakubwa tumesahau. Wewe ulikuwa unaangalia ada inazama. Umefokea makofi ya mtoto anayeshangilia ada yake mwenyewe inavyopotea bila kujua, na hasira yote ile haikuwa yake, ilikuwa yako kwako.

Sikutishi, ila nikwambie kitu ambacho huwa kinanikaa kichwani. Mwaka 2011 wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, walitoa utafiti kuhusu ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi. Walikuta timu ya nyumbani ikifungwa mechi iliyotarajiwa kushinda, ukatili wa wanaume kwa wake na wapenzi wao majumbani unaongezeka kwa karibu asilimia 10. Mechi ambayo ilitarajiwa kuwa ngumu kwa wote wakifungwa, ongezeko hilo halionekani kihivyo. Umeona? Kufungwa peke yake sio tatizo, tatizo ni kufungwa ulikokuwa na uhakika hakuji. Na hakuna kitu kinampa mtu uhakika wa uongo kama kuweka hela, ukishaweka unaanza kutafuta sababu za kushinda, majeruhi wanne, mechi mbili wamefungwa, mchambuzi kasema. Wewe safari hii umeishia kwenye rimoti. Rimoti zinauzwa.

Sasa huo mkeka wenyewe, maana najua unajiambia "nne zilitiki, nilikaribia". Hukukaribia. Tufanye kila timu kati ya zile tano ilikuwa na nafasi ya asilimia 70 kushinda, ambayo ni timu nzuri sana hiyo. Zote tano kushinda pamoja sio asilimia 70, unazidisha moja kwa nyingine unapata kama 17 tu. Yani mikeka sita ya aina hiyo, ukibahatika unapata mmoja. Watu hawahesabu hivyo, wanaangalia timu moja moja wanasema hii lazima, hii lazima, hii nayo lazima, lazima tano zikikutana zinazaa bahati nasibu. Na timu ya moyoni ndo usiiweke kabisa, hata kama hujaacha kubeti leo, maana huwezi kuipima, ulishaipa ushindi tangu darasa la tatu.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Mwambie mama watoto leo. Sio kesho, na sio baada ya kuirudisha, kwa sababu najua mpango uliomo kwenye "kuna muda", unataka kuweka tena wikiendi hii uirudishe. Hapo ndipo watu walipouzia pikipiki zao. Mwambie hela imekwenda, ni kiasi hiki, nimebeti, basi, bila kumtaja kocha. Atakasirika na ana haki. Kisha nenda shule mwenyewe kwa miguu yako kabla tarehe haijafika, omba kulipa kwa awamu, walimu wakuu wameshaona wazazi wa kila aina na anayekuja mapema husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Na hiyo akaunti ya kubeti ifungie, kampuni nyingi zina sehemu ya kujizuia mwenyewe kwa muda au kuweka kikomo, itafute utaikuta imefichwa huko chini kwenye mipangilio. Ukiona umejizuia halafu umefungua kwa namba nyingine, hapo tena sio mambo ya Mjomba, tafuta mshauri wa kukaa naye ana kwa ana.

Halafu dogo. Usiende kumnunulia zawadi. Watu wengi tunakimbilia hapo, tunamnunulia mtoto kitu ili asituulize. Kaa naye chini umwambie baba alikosea, hukufanya kosa lolote, lile goli lilikuwa zuri kweli. Hicho kipande cha mwisho ni muhimu na najua kitakuuma kukisema, kiseme. Na akikwambia anataka kushabikia wengine, hata wale waliotupiga, sorry waliowapiga, mwache. (Mimi babangu tulishabikia timu tofauti miaka yote na siku za mechi ya watani ndo tulikuwa tunaongea vizuri kuliko siku zote.) Mtoto wa miaka saba kuchagua timu kwa kukwepa hasira ya baba ni kitu kibaya sana, huyo hatakuwa anaangalia mpira, atakuwa anaangalia uso wako.

Yule beki nae kafute ulichoandika. Najua hatasoma, ana ujumbe maelfu, ila futa. Mwaka 1994 kwenye kombe la dunia Andrés Escobar wa Colombia alijifunga dhidi ya Marekani, ilikuwa Juni 22, wakafungwa 2-1, na mwisho wakatolewa hatua ya makundi. Julai 2 alipigwa risasi akafa Medellín, siku kumi tu. Alikuwa na miaka 27, beki msafi kweli kweli, alinyoosha mguu kuzuia krosi basi. Sisemi wewe na waliomuua ni kitu kimoja, hapana. Nasema aliyejifunga ndiye mtu mwenye usiku mbaya kuliko wote uwanjani, kuliko wewe, na hahitaji msaada wako kujua kwamba kaharibu.

Mtani wako mfungulie block, umwombe radhi ya mama yake hasa, hiyo ya mama ulivuka. Stika za vidole vitano alikuwa na haki nazo. Miaka kumi na tano na wewe hujawahi kumtumia? Acha hizo. Rudi grupuni, wakutane na wewe siku mbili tatu, watachoka, utani unakufa ukikosa mtu wa kukasirika. Na kazini pita mlango wa mbele.

Kuhusu kipigo chenyewe sasa, nikupe kimoja cha kukusogezea siku. Oktoba 25 mwaka 2019 Southampton ya Uingereza walikuwa nyumbani kwao, dakika ya 12 wakala nyekundu, mpaka mapumziko wamekula tano, mechi ikaisha 9-0, Leicester wanaondoka na tisa ugenini. Kila mtu akajua kocha Ralph Hasenhüttl hana kazi kesho yake. Hawakumfukuza. Januari 11 mwaka 2020 wakaenda kwa Leicester hao hao, wakatangulia kufungwa, wakashinda 2-1, na ligi wakamaliza nafasi ya 11. Hadithi nzuri eh? Ingeishia hapo ningekuwa nimekudanganya. Februari 2021 kocha yule yule akaenda Old Trafford kwa Manchester United, mchezaji wake kapewa nyekundu dakika ya pili tu, wakapigwa tisa bila. Tena. Na msimu ule nao hawakushuka daraja. Sijui utachukua lipi humo, mimi ninachokiona ni kwamba kuna mashabiki walikula tisa mara mbili ndani ya kama miezi kumi na tano na hawakuiacha timu yao.

NB yako: asifukuzwe. Kumi pungufu kupandisha mabeki wazito ni ujinga na sub ya dakika ya 71 ni dharau kwa mashabiki, hapo niko na wewe kabisa, ila mkimfukuza sasa hivi anakuja mwingine anawakuta mabeki wale wale na friji zao. Namba mbili apumzishwe mechi mbili, kiungo yule adhabu yake inamtosha. Na mechi ijayo kama dogo atakuja kukaa, mwachie yeye rimoti, ukishanunua nyingine.

Mjomba